Nani Katia Mafuta Kwenye Tangi Langu

Jumatatu, 1 Julai

Bomba limekauka tena. Safari hii watu wa maji wametangaza wenyewe: maji yatatoka siku moja kwa wiki mpaka mvua zianze. Wifi yangu alipolisikia tangazo redioni aligeuka akaniangalia mimi, utadhani mimi ndiye niliyekunywa mto.

Nafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo juu ya barabara. Ndiyo kazi yangu, na ndiyo inayonifanya nitembee kichwa juu ndani ya nyumba hii ya watu. Mume wangu ni dereva wa lori, hushinda safarini. Mimi huachwa nyumbani pamoja na mama yake na dada yake mkubwa. Mama ni mzee, mpole, simwoni kosa. Huyo dada ndiye kiboko yangu. Anauza kwenye duka la dawa, ndoa ilimshinda akarudi kwao, na tangu aliporudi funguo zote za nyumba ziko kiunoni mwake.

Jumatano, 3 Julai

"Wifi, mashuka yako yanamaliza maji ya watu. Sisi tuoge mate?"

Nikamwambia mate anayo ya kutosha, maana kila siku ananitemea mimi. Mama akasema, "Jamani, jamani," akaendelea kuchambua mchele.

Jumapili, 7 Julai

Mume wangu kapita kulala siku moja, basi dada yake akaona ndiyo nafasi ya kuitisha kikao. Akasema kufua kwangu kufe, au maji ya nyumba yasiguswe. Kwa hiyo nifue kwa nini, kwa machozi?

Nilimtazama mume wangu anitetee. Akawa anatazama kucha zake. Mwisho akasema, "Mtafute njia."

"Njia gani?"

"Mtafute tu, mke wangu. Mwezi ukiisha hamjapata, basi uache."

Huyo ndiye niliyeacha kwetu nikamfuata. Na mwenye nyumba ya wageni, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Wageni, keshaniambia mashuka yakichelewa anampa mtu mwingine. Nikiipoteza kazi hii nitakuwa nakaa hapa kwa kuhesabiwa tonge na wifi. Afadhali nife.

Jumatano, 10 Julai

Nimemleta fundi bomba. Kijibaba kifupi, mdomo haufungi, lakini kazi anaijua. Akazunguka uani, akafungua vifuniko, akachungulia chooni, halafu akacheka.

"Dada, mashuka wanayaonea bure. Mnywaji mkubwa wa maji humu ndani ni choo. Kila mtu akiflashi anamwaga ndoo ya maji safi ya kunywa."

Nikamwambia alirudie hilo kwa sauti kubwa, kwa maana dirisha la wifi lilikuwa wazi. Akarudia.

Mpango wake ni huu. Nyumba yetu iko mteremkoni. Juu kuna bafu na sakafu ninapofulia, chini kabisa kuna choo. Katikati ataweka tangi. Maji ya kuoga na ya kufua yatateremka yenyewe, yapite kwenye ndoo ya mchanga na kokoto, yaingie tangini, kisha yashuke chooni. Pampu haina kazi hapo. Maji safi yatabaki ya kupikia, ya kunywa na ya kufulia.

"Ila usikie," akasema. "Maji haya hayalali. Ya leo yaishe leo, yakilala yatanuka mpaka yawatoe pua. Na ya vyombo yasiingie hata kikombe. Mafuta yakishika kwenye kokoto, umekwisha."

Anayeosha vyombo ni wifi, vidole vya mama vinamuuma. Kwa hiyo nikamwambia wifi peke yake. Akanijibu, "Nimesikia, si kiziwi."

Jumamosi, 13 Julai

Limekamilika! Fundi aliona haya kuniomba soksi ndefu ya nailoni ya kufunga mdomoni mwa bomba, inase nyuzi za mashuka. Nikampa. Wifi akapita: "Kumbe choo chetu kitavaa soksi." Hata mimi nilitaka kucheka, nikajizuia.

Wakati wa chakula nikasimama nikawatangazia wote. "Kuanzia leo, katika nyumba hii, hakuna tone linalomwagwa. Kila tone lifanye kazi mara mbili."

Mama akanipigia makofi. "Huyu ndiye mke wa mwanangu," akasema. Wifi akanyanyuka na sahani yake akaenda kumalizia chakula jikoni. Nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Alhamisi, 18 Julai

Mashuka mengi. Choo kinaflashi kama kawaida. Mdomo wa wifi umenuna mpaka unakaribia kufika chini.

Ijumaa, 26 Julai

Kuna harufu. Ndogo, ya kitu kilichochacha. Nimelimwaga tangi lote nikalisugua.

Ijumaa, 2 Agosti

Imerudi. Jua linawaka tangu asubuhi, upepo hakuna, harufu imekaa uani kama mgeni asiyeaga. Fundi akaja, akachota kokoto kiganjani, akazifikicha, akaninusisha.

"Dada, haya ni mafuta ya kupikia. Humu kuna mtu anamwaga maji ya vyombo. Tena hapitishii tangini, anapitishia kwenye tundu la pale unapofulia."

Hakusema nani. Nami sikuuliza. Nani anaosha vyombo? Nani anataka nikae mikono mitupu? Jioni wifi aliporudi kazini nilikuwa namngoja mlangoni.

"Wifi, mafuta yamefikaje kwenye kokoto zangu?"

Akamtazama mama aliyekuwa kwenye kiti chake, halafu akanitazama mimi.

"Kaziulize hizo kokoto."

Ningekuwa na ndoo mkononi ningemwagia.

Ijumaa, 9 Agosti

Hatusalimiani. Akiingia natoka. Kokoto nimezibadilisha zote. Nikienda kupeleka mashuka moyo unabaki uani, maana siwezi kulinda tangi na kubeba mzigo kwa wakati mmoja.

Jumatatu, 19 Agosti

Leo nimeaibika. Mama Wageni kashuka mwenyewe na mashuka yangu mikononi, kayabwaga sakafuni mbele ya majirani.

"Mgeni wangu kaniuliza kama kitanda chake kililaliwa na kuku. Nikamjibu nini, eh? Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Yalikuwa safi, lakini kamba ya kuanikia iko karibu na tangi na shuka bichi linavuta harufu. Niliomba, nikabembeleza, mimi ambaye sijawahi kumbembeleza mtu. Akasema ananipa nafasi moja, ya mwisho. Alipotoka nikamwona wifi dirishani. Hakucheka. Ningeona nafuu kama angecheka, maana ningepata sababu ya kumvaa palepale.

Nimeapa nitamkamata.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimemkamata.

Nilidamka alfajiri kabla hata jogoo wa jirani hajawika, nikafungua mlango polepole. Wifi alikuwa amechuchumaa kwenye ndoo ya mchujo, kanga kaifunga kibwebwe, mikono imezama ndani mpaka kwenye viwiko. Pembeni yake kuna beseni la kokoto, zinang'aa kwa maji. Alikuwa anaziiba au anazibadilisha, sijui. Mikono ilikuwa inateleza mafuta matupu.

Nikapiga kelele mpaka mtaa ukaamka. Nilimwita mchawi. Nilimwita tasa wa roho. Nikamwambia kwamba mwanamume aliyemwacha alikuwa na macho. Hayo yote nimeyasema na sijutii hata moja, kwa sababu huyu mtu alitaka kunitoa tonge mdomoni.

Mume wangu alikuwepo, karudi jana. Akatoka na shuka kiunoni. Mama akatoka kwa kujishika ukutani.

"Kuna nini?" akauliza mama.

"Mwanao," nikasema, "ndiye anayetia uchafu kwenye tangi langu. Nimemkuta mikono ndani."

Mama akamkazia macho binti yake. "Ni wewe kweli, mwanangu?"

Wifi alifungua kinywa. Nilimwona. Alikifungua, akamtazama mama yake, akakifunga. Akaipangusa mikono kwenye kanga taratibu.

"Aminini mnavyotaka."

"Jibu, dada," mume wangu akasema. Kwa mara ya kwanza tangu anioe alikuwa upande wangu. "Ni wewe au si wewe?"

"Basi ni mimi. Umeridhika?"

Mama akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Akasema hakumzaa wala hakumlea awe hivyo, mtu wa kuharibia wenzake kazi. Mume wangu akasema yeye na mimi hatuwezi kulala chini ya paa moja na adui. Wifi akaingia ndani, akatoka na begi moja. Funguo akazifungua kiunoni akaziweka juu ya mfuniko wa tangi. Hakunirushia, aliziweka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dawa za mama ziko kwenye kopo jekundu. Asubuhi na jioni. Usimwachie anywe mwenyewe." Kisha akaenda zake.

Nimeshinda.

Jumapili, 25 Agosti

Amepanga chumba nyuma ya duka la dawa. Safi sana. Na akae huko.

Alhamisi, 5 Septemba

Inanuka.

Nimeandika hivyo nikakaa muda mrefu nikilitazama hilo neno. Mume wangu yuko safarini. Kwenye nyumba tuko wawili, mimi na mama. Vyombo naosha mimi mwenyewe, maji yake nayamwaga mbali, kwenye shimo la takataka. Nimeapa kwamba wifi anapita mlango wa nyuma nikiwa nimepeleka mashuka. Atakuwa amechonga ufunguo mwingine. Roho mbaya haina likizo.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nilitoka na mzigo wa mashuka, nikafika kwenye kona, nikauacha kwa jirani nikarudi kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Nilishika mti wa fagio. Nilikuwa nimejiandaa kumpiga.

Mama alikuwa anashuka kutoka jikoni, amebeba beseni kwa mikono yake ile inayotetemeka, analiegemeza kifuani nguo isilowe. Yalikuwa maji ya sufuria nililoloweka, lile la nyama ya kukaanga. Akainama pale sakafuni ninapofulia, akayamimina kwenye tundu, taratibu, asimwage hata tone pembeni. Kisha akalipiga beseni kofi mgongoni litoe la mwisho.

"Mama," nikasema. Fagio lilikuwa bado mkononi.

Akageuka akatabasamu. "Umerudi? Naongezea maji yako, mwanangu. Si ulisema kila tone lifanye kazi mara mbili? Sisi wazee tumezoea kubana."

"Kila siku, mama?"

"Mkishaondoka tu. Lakini wifi yako usimwambie. Yule hapendi tangi lako. Keshaliharibu mara moja, alitaka kukukosesha kazi. Nilimfukuza mwenyewe."

Nikakaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji. Nilikuwa naziona zile kokoto kwenye beseni alfajiri ile. Zilikuwa zimeoshwa. Mtu anayeharibu hazioshi kokoto moja moja. Niliziona siku ile kwa macho yangu mawili na nikaandika humu kwamba zinang'aa, na bado nikaita watu.

Mama akaniuliza mbona nalia. Kisha akaniuliza mimi ni nani, binti wa jirani gani. Baada ya kitambo akakumbuka, akacheka, akasema uzee huu.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekwenda kwenye chumba chake. Alifungua mlango kiasi cha uso tu kupita.

"Umekuja kunifukuza na huku?"

"Nimemwona mama."

Mkono wake ukakaza mlango. "Umemwambia?"

"Sijamwambia."

Ndipo akafungua. Hakunikaribisha kiti, na kweli kilikuwepo kimoja tu. Akakikalia yeye.

"Kwa nini hukusema, wifi?"

"Nikuambie wewe? Umeshawahi kunisikiliza wewe?" Alikuwa anaongea huku amebana meno. "Mama anasahau. Imeanza mwaka jana. Namkataza leo, kesho kasahau. Nikimwambia ameharibu kazi ya mtu, analia siku nzima. Halafu kosa analisahau, uchungu unabaki. Anakaa anauliza, 'Kwani nilifanya nini, mbona naumwa moyo?' Umeelewa? Na ndugu yangu akijua, atasema mama hawezi kuachwa peke yake, apelekwe kwa shangazi. Mama atakufa kule. Basi nikaona niwe naamka niyaoshe yale makokoto yako ya kipuuzi. Kuna siku niliwahi, kuna siku usingizi ulinishinda."

"Rudi nyumbani."

"Mama mwenyewe hanitaki."

"Nitamwambia ukweli."

Alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Ukimwambia, wifi, nakuapia, nitakuja kukusasambua mbele ya watu mpaka uhame mji. Mwache anichukie mimi. Mimi ni mwanaye, ninaweza. Sasa nenda."

Nimerudi nikiwa na hasira. Sijui nimemkasirikia nani. Kuna watu wana tabia ya kufanya wema kwa ubaya, mtu hujui hata namna ya kuwashukuru.

Jumanne, 17 Septemba

Nimeziosha kokoto alfajiri. Ni kazi ya kichefuchefu. Mafuta baridi yanaingia chini ya kucha hayatoki.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika leo kwa sababu kesho nitaanza kujidanganya.

Mama Wageni alikuja kuchukua mashuka na kuniambia kama tunaendelea au la. Alikuwa anayakagua moja moja, ananusa pindo, anaitikia kwa kichwa. Mume wangu alikuwa barazani. Mara lango likafunguka, wifi akaingia na kopo la dawa za mama, maana zilikuwa zimekwisha na mimi sikujua.

Mama akamwona. Sijawahi kumsikia mama akipaza sauti namna ile.

"Toka! Toka hapa, mchafuzi wewe! Hukutosheka? Umekuja kumharibia tena mwenzako?"

"Nimeleta dawa, mama."

"Sitaki dawa yako! Utakuwa umeitia sumu. Sina binti mimi!"

Wifi aliweka kopo ngazini. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Mume wangu akasema, "Dada, si uende tu." Akageuka aende, na mama alikuwa anamwokotea kijiwe. Mama yule, anayewafukuza nzi kwa kuwaomba.

Nikasema, "Mama, acha. Si yeye."

Wifi akageuka kama aliyechomwa. Macho yake yaliniambia yote aliyoniahidi kule chumbani.

Nikamgeukia mama. "Ni mimi. Maji ya vyombo nilikuwa namwaga mimi mwenyewe, nilikuwa mvivu wa kwenda mpaka kwenye shimo. Kokoto zikaoza. Nilipoona Mama Wageni ananirudishia mashuka, nikaogopa, nikamsingizia mwanao. Alfajiri ile alikuwa anasafisha uchafu wangu."

Mume wangu alikuwa ananitazama mimi, si kucha. Mama alishusha kijiwe, akatembea polepole mpaka mbele yangu, akanizaba kofi. Halikuuma, mkono wake hauna nguvu. Lililouma ni kwamba baada ya hapo alimshika wifi kichwa, akakilaza begani mwake, akalia, akimwomba msamaha kwa kumsingizia kosa ambalo wifi hakulifanya, wala mimi sikulifanya.

Mama Wageni akayakunja mashuka yake. "Mimi harufu ningeivumilia," akasema. "Lakini mtu anayeweza kusimama na uongo wa namna hiyo mwezi mzima, hapana. Mashuka yangu yanalaliwa na watu wa kila aina, nahitaji mwaminifu." Akabeba mpaka yale mabichi. Nilimfuata kwa macho mpaka alipopotea juu ya barabara. Ningeweza kumkimbilia. Nilisimama.

Usiku mume wangu amelala akinigeuzia mgongo.

Jumatano, 25 Septemba

Wifi amerudi na begi lake. Tulipokutana jikoni akaniambia, "Usidhani tumekuwa marafiki. Yale uliyoniambia kuhusu ndoa yangu sijayasahau."

"Sikukuomba usahau."

"Vizuri." Akachukua funguo.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Sina shuka la kufua, nimeanza kutafuta kwa watu wa mtaa wa pili, huko habari zangu hazijafika. Choo kinaendelea kuflashi kwa maji ya kuoga.

Leo alfajiri nilikuwa nimechuchumaa kwenye ndoo ya mchujo, wifi akaja na beseni lake, akanisukuma kwa goti. "Sogea. Unaziosha kama unazibembeleza." Tukaziosha wawili.

Mama akatoka barazani, akajifunika kanga, akatutazama kwa muda. Ugomvi wa tangi haukumbuki tena, nimemjaribu, ingawa maji ya vyombo bado anatumiminia tukimpa mgongo. Nani alimwaga nini, hajui. Lakini akiniona mimi uso unamkunjamana, salamu yangu haiitikii, na hajui kwa nini.

"Mwanangu," akamwita wifi kwa sauti ya kunong'ona niliyoisikia vizuri. "Huyo mwanamke mwangalie sana. Simwamini."

Wifi hakuinua kichwa. Alinisogezea kokoto nyingine kwa mkono uliojaa mafuta.

"Sawa, mama," akasema. "Nitamwangalia."